Ganda Ndilo Linaloamua Umbo la Punje ya Mpunga

Punje ya mchele haiwezi kuzidi ganda lake. Ganda hilo, ambalo mashine ya kukoboa hulitoa kama kumvi, lina vipande viwili, kimoja kipana na kingine chembamba, vilivyoshikana kingo kwa kingo. Vyote viwili hufikia ukubwa wake kabla ua halijafunguka. Wanga huja baadaye, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi hujaza nafasi iliyokwisha kupimwa. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini mchele wa Supa kutoka Tanzania ni mrefu, na mchele mwingi wa mabonde ya juu ya Burundi ni mfupi na mnene, aanzie kwenye seli za ganda: zimegawanyika mara ngapi, na kila moja imerefuka au kupanuka kiasi gani.

Jeni zinazosimamia kazi hiyo ni nyingi, ila chache zina nguvu kupita zote. Kwa urefu inayojulikana zaidi ni GS3, iliyo kwenye kromosomu ya 3 kati ya jozi 12 za mpunga, na iliyotambuliwa mwaka 2006 na watafiti wa Wuhan, China. Protini yake ni breki inayozuia ganda kurefuka. Katika aina nyingi za mpunga mrefu, herufi moja tu ya DNA, C, imegeuka kuwa A, na badiliko hilo limeweka alama ya kukomea mapema ndani ya jeni. Protini haikamiliki, nayo punje hurefuka. Kwa upande wa unene, jeni ya GW2 ikiharibika seli za ganda huongezeka na punje hupanuka. Kwenye kromosomu ya 5 ipo qSW5, ambayo watafiti wa Japani waliieleza mwaka 2008. Aina nyingi za jamii ya japonika zimepoteza hapo kipande cha herufi 1,212, na hiyo ni sababu kubwa ya punje zao kuwa nene.

Afrika nayo ina mpunga wake, Oryza glaberrima, uliotokana na mpunga mwitu uliolimwa Afrika Magharibi. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba badiliko katika jeni ya GL4 lilizuia punje kupukutika zikiiva, na papo hapo likazipunguza ukubwa. Wakulima wa kale walichagua mpunga usiomwagika shambani, wakapata pamoja nao punje ndogo.

Ganda ni sehemu ya mmea mama, na jambo hili huwachanganya wengi. Ukichavusha ua la mpunga mfupi kwa chavua ya mpunga mrefu, punje itakayotoka itakuwa fupi vilevile, kwa kuwa ganda lilijengwa na mama peke yake. Chotara itakayoota kutoka punje hiyo itazaa punje zinazofanana katika masuke yake yote. Tofauti huonekana katika kizazi kinachofuata: mmea huu punje ndefu, ule wa jirani fupi. Mkulima wa Gihanga, nchini Burundi, anayetunza mbegu za mpunga chotara ili azipande tena atakuta shamba la mchanganyiko wa namna hiyo, hata kama mbegu alizoweka zilikuwa za umbo moja.

Umbo halibebi kila kitu ambacho mnunuzi anakitafuta sokoni. Harufu nzuri ya wali hutokana na kuharibika kwa jeni ya BADH2 kwenye kromosomu ya 8. Wali kushikana au kuchambuka hutegemea zaidi jeni ya Waxy kwenye kromosomu ya 6. Kwa kuwa jeni hizi ziko kwenye kromosomu tofauti na GS3, punje fupi inaweza kunukia na ndefu isinukie.

Burundi ina sababu ya pekee ya kulijali suala hili. Uwanda wa Imbo, kando ya mto Rusizi, una joto linaloufaa mpunga mrefu, lakini kwenye mabonde oevu ya nyanda za juu baridi huharibu chavua na masuke hubaki matupu. Huko japonika zenye asili ya Yunnan, China, zimesaidia kwa kuhimili baridi, na zimekuja na punje nene. Mambo hayo mawili yaliingia pamoja kwa sababu ya ukoo, wala hayatokani na jeni moja, hivyo yanaweza kutenganishwa. Kikipimwa DNA, kipande cha jani la mche mchanga kinatosha kuonyesha ni GS3 ya aina gani imerithiwa, miezi kadhaa kabla ya suke kutoka. Uvumilivu wa baridi ni mgumu zaidi, kwani hubebwa na jeni nyingi na lazima upimwe bondeni penyewe.

Lipo pia tatizo la mashineni: punje ndefu mno na nyembamba hukatika kirahisi na kuongeza chenga. Kwa mabonde ya juu, lengo linalofaa kwa watafiti wa ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, na wenzao wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, ni punje yenye urefu wa milimita 6.6 au zaidi kidogo, isiyo nyembamba kupita kiasi, kwenye mmea unaotoa masuke yaliyojaa wakati wa baridi.