Somo la Afya: Mwanafunzi Anapotibu Mzizi wa Jino

Chukueni kalamu. Neno letu la leo ni mzizi. Mzi-zi. Liandikeni.

Jino lina mizizi kama mti. Ndani ya mzizi mna tundu jembamba kama uzi, na humo hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Jino likioza mpaka ndani, vijidudu huingia tunduni, usaha ukafanyika, na usiku mtu halali. Wengi husema, “Ng'oa tu, yaishe!” Lakini jino la mtu mzima likitoka haliji jingine. Mara nyingi laweza kuokolewa. Mganga wa meno hulitoboa, husafisha tundu kwa visindano na dawa, kisha huliziba kwa utomvu wa mti uitwao gataperka.

Waganga wa meno hufunzwa Muhimbili, Upanga, tangu mwaka 1979. Basi wewe utokaye Tandale au Mbagala, ukifika huko, huenda ukatibiwa na mwanafunzi. Usikimbie. Mwalimu wake humsimamia. Kazi huenda polepole, na pengine utaambiwa urudi. Maumivu yakiisha siku ya kwanza, usidhani kazi imekwisha. Rudi.

Je, utajuaje kama kazi ni nzuri? Macho hayafiki mzizini, eksirei hufika. Katika picha utomvu huonekana mweupe. Yapasa ukaribie ncha ya mzizi, zisibaki zaidi ya milimita 2, wala usitokeze nje. Tena usiwe na mapengo meusi. Ukikoma nusu ya njia, vijidudu hubaki chini, na jino laweza kuuma tena baada ya miezi au miaka.

Jino la mbele kwa kawaida lina tundu 1, nalo limenyooka. Taabu iko kwa gego! Gego la chini lina mizizi 2, na mara nyingi matundu 3 yaliyopinda. Uchunguzi wa vyuo vya nchi nyingi umeonyesha kwamba wanafunzi hukosea zaidi katika magego. Si ajabu, maana hata mafundi wa siku nyingi hutaabika nayo. Kwa hiyo omba uonyeshwe picha, uulize, “Mwalimu, utomvu umefika chini?” Kuuliza huko si utovu wa adabu. Jino ni lako.

Sasa andikeni sentensi hii mara tatu: Naomba kuona picha ya jino langu.