Londiani, Salgaa na mzigo wa kuratibu usalama barabarani

JIONI ya Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likagonga magari, waendeshaji bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 waliangamia.

Nani alipaswa kuzuia maafa hayo? Ukaguzi wa malori ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Barabara kuu ni za KeNHA, masoko ni ya kaunti, nao madereva wakaidi hunaswa na polisi. Kila idara ikitimiza sehemu yake bila kujali ya mwenzake, mchuuzi ataendelea kuuza viazi hatua chache tu kutoka kwa magurudumu.

Ndiyo maana ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Benki ya Dunia ya mwaka wa 2004 ilizitaka serikali, kabla ya lolote lingine, ziteue asasi moja ya kuongoza juhudi hizi. Mwaka uo huo, Waziri John Michuki alikuwa akishurutisha matatu kuweka mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Nidhamu ilirejea, lakini ilitegemea ukali wa mtu mmoja. Alipoondoka katika wizara hiyo, ikalegea.

Sheria ya 2012 iliyounda NTSA ilikusanya majukumu yaliyokuwa yametapakaa: leseni za matatu kutoka kwa bodi ya leseni, usajili wa magari kutoka kwa mamlaka ya ushuru na ukaguzi kutoka kwa polisi. Pia iliipa jukumu la kuandaa mikakati ya kitaifa na kuishauri serikali.

Mipango hiyo huanza kwa takwimu: nani anakufa, wapi na saa ngapi. Hapa pana kasoro kubwa. Polisi walinakili vifo visivyofika 3,000 mwaka wa 2016, ilhali WHO ilikadiria kuwa vilizidi 13,000. Anayefariki hospitalini baada ya majuma mawili huweza kukosa kuhesabiwa, nasi katika meza ya habari huandika "breki zilikatika" kisha tukageukia siasa.

Hata hivyo, takwimu zilizopo zaonyesha kwamba wanaotembea kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Hao hawaokolewi na leseni mpya ya dereva, bali na vijia na vivuko, ambavyo NTSA haijengi. Mpango wa kitaifa wa 2024 hadi 2028 unagawia kila idara wajibu wake, lakini bajeti za wahandisi na za kaunti haziko mikononi mwa NTSA.

Mnamo Januari 2018, baada ya watu 36 kufariki katika ajali ya basi na lori huko Migaa, karibu na Salgaa, Rais Uhuru Kenyatta aliwaondoa maafisa wa NTSA barabarani na kuwaachia polisi kazi hiyo. Wengi waliona kama adhabu. Kwa maoni yangu, halikuwa pigo kubwa, kwani anayeratibu hana haja ya kujificha vichakani akiwinda matatu. Kazi yake ni kuwauliza wahandisi, mapema na hadharani, kwa nini mteremko unaojulikana kwa mauaji hauna kizuizi. Huko Salgaa, kizuizi cha kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka kilijengwa baada ya mazishi.