Mota ya Mashine ya Kukatia Nyasi: Yaweza Kusafishwa Nyumbani

Katika skimu za Mweiga, Naro Moru na kwingine Kieni, mashamba yaliyogawanywa baada ya 1962, wako wakulima walioweka panga kando na kuwakatia ng'ombe neipia kwa mashine ya stima. Mashine hiyo huendeshwa na mota ndogo ya volti 240. Ikikataa kuzunguka, mwenyewe husema imeungua, akaiuza kama chuma kikuukuu. Mara nyingi haikuungua. Imejaa vumbi la majani, au beringi zimekauka.

Kwanza chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Kisha tazama kile kikopo kilicho ubavuni mwa mota. Hicho huitwa kapasita, nacho huweza kubaki na stima hata plagi ikichomolewa. Usikiguse kwa mkono. Chukua balbu ya kizamani yenye uzi ndani, iliyofungwa nyaya mbili, uguse nazo ncha mbili za kapasita kwa sekunde kadhaa. Watoto wawe mbali.

Kabla ya kufungua bolti, kwaruza alama kwa msumari kwenye vifuniko na kwenye mwili wa mota, ili kila kifuniko kirudi mahali pake. Vumbi lipulize kwa pampu ya baiskeli, ukalifagie kwa brashi laini. Maji hayafai, wala petroli: petroli huharibu vanishi ya nyaya, na cheche moja yatosha kuunguza zizi. Ukiona nyaya ni nyeusi na zanuka moshi, acha hapo. Hiyo ni kazi ya fundi wa kusuka mota, mjini.

Beringi izungushe kwa kidole. Ikikwaruza kama yenye mchanga, nunua nyingine ya namba ile ile iliyochapwa ubavuni mwake. Ukiipachika kwenye mhimili, gonga pete ya ndani kwa kipande cha bomba, wala si ya nje.

Lakini usiilaumu mota kabla ya kutazama waya. Wako wanaovuta waya mwembamba kutoka nyumbani hadi zizini, hatua hamsini au zaidi. Stima hupungua nguvu njiani, mota huhangaika na kupata moto, na usafi wote huwa bure. Waya uwe mnene, na ule wa ardhi ufungwe kwenye mwili wa mota.

Ukimaliza, zungusha mota kwa mkono kwanza, halafu iwashe bila mkanda kwa dakika tano. Ikinuka au ikitetemeka, izime.