Kuli mwenye shamba, kibarua asiye na pa kurudi

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa Kilindini hawakuingia gatini, wafanyakazi wa reli walibaki nyumbani, na katika nyumba za Wazungu hata chai haikupikwa. Watu wapatao 15,000 waligoma kwa karibu wiki mbili, wakikutana katika uwanja mmoja wa Majengo ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei ya vyakula na kodi ya nyumba, mshahara ukabaki pale pale. Wakadai nyongeza, na malipo sawa kwa kazi sawa bila kujali rangi ya mtu.

Kutokana na mgomo huo likaibuka shirikisho la wafanyakazi Waafrika chini ya Chege Kibachia. Mwezi Agosti mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilimkamata, ikampeleka kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na bandari. Baraza la kuamua madai ya mishahara liliongozwa na Ransley Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria.

Mimi hunivutia zaidi jambo ambalo halitajwi sana: wengi wa makuli hao walikuwa vibarua wa kutwa. Hawakuwa na mkataba. Leo tungesema hao ndio wanyonge wa mwisho, lakini enzi zile ndio walioogopwa na mabwana wa bandari kuliko wote. Kuli aliyetoka vijiji vya Mijikenda alikuwa na minazi na mihogo yake nyumbani. Alibeba magunia siku kadhaa, akapata fedha za kodi na nguo, akarudi shambani. Utamtishaje kwa kumfuta mtu ambaye hujamwajiri? Meli ikifika na malipo hayamridhishi, haji. Lilikuwa soko huru kwelikweli: mwenye kazi aliweza kukataa, na mwenye nguvu zake aliweza kukataa pia.

Basi tazama walichofanya wenye mtaji na serikali yao. Miaka ya 1950 waliachana na mtindo huo, wakaanza kuwaandikisha makuli, na asiyefika kazini siku za kutosha akafutwa katika orodha. Soko huru lilipompa mfanyakazi nguvu, wao ndio walikuwa wa kwanza kulifunga. Kila nikisikia mtu akisema vyama vya wafanyakazi vinavuruga soko, hukumbuka Kilindini.

Mambo yakageuka tena. Makuli waliosajiliwa walikuwa na kazi ya kulinda, wakajua kila mmoja peke yake hana lolote. Waligoma Machi 1955, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari. Tom Mboya, kijana wa miaka 24, alisafiri kutoka Nairobi kuwasemea, na nyongeza ikafikia theluthi ya mshahara. Meli hazikuacha kuja.

Sasa nenda Barabara ya Enterprise, Nairobi, kabla ya saa moja asubuhi. Nje ya geti la kiwanda wamesimama vijana na kina mama, kitambulisho mkononi, nguo za kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule wa nyuma. Geti linafungwa. Waliobaki hawaondoki mara moja, maana huenda mashine ya pili ikawashwa saa nne. Saa hizo za kungoja halipi mtu. Hawa hawana shamba la kurudia, au lipo robo ekari waliyogawana ndugu watano. Kumwambia mtu kama huyo kwamba yuko huru kukataa ujira ni kumkejeli.

Sheria ipo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, ahesabiwe mwajiriwa wa mwezi. Hila yake pia ipo: mtu anapumzishwa siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha anaitwa upya, au anaajiriwa kupitia wakala ili jina lake lisionekane katika vitabu vya kiwanda. Na kwa kuwa chama hakitambuliwi bila kupata wengi wa wafanyakazi wa mwajiri, kila anayepelekwa kwa wakala anapunguza idadi ambayo chama kingeweza kuandikisha.

Viongozi wa vyama wamelizoea hili mno. Ada inakatwa kwenye mishahara ya waajiriwa wa kudumu, ambao wanapungua, na ofisi zinaendelea kuwatumikia hao hao. Wateremke mpaka getini alfajiri. Wamwandikishe kibarua, wamtoze kwa siku alizofanya kazi tu, na wanapokwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kudai kifungu cha 37, wapeleke majina ya geti zima kwa pamoja, kwa sababu jina la mmoja likionekana peke yake, kesho yake kidole cha msimamizi kitamruka.