Sindano ya Korona Ilibeba Nini?

Chanjo ya korona ilipofika mwaka 2021, wakazi wengi wa Voi, Mwatate na Taveta walituuliza sisi madaktari: ndani ya sindano hiyo mna nini? Wengine walihofia kifaa cha kumfuatilia mtu. Kifaa hamna. Katika baadhi ya chanjo hizo mna vitone vya mafuta.

Chanjo za Pfizer na Moderna hubeba mRNA, yaani ujumbe unaoielekeza seli itengeneze kipande cha kirusi, ili mwili ujifunze kupigana nacho. Ujumbe huo ukiachwa wazi, mwili huuharibu upesi. Kwa hiyo hufunikwa kwa mafuta. Kitone kimoja kina upana wa nanomita 100 hivi. Vitone 10,000 vikipangwa mstari ndipo hufika milimita moja.

Hutengenezwaje?

Fikiria makutano ya Voi, pale barabara ya Taveta inapoingia ile ya Mombasa. Katika maikrofluidiki, makutano hayo ni ya mifereji myembamba kama unywele, ndani ya kipande cha kioo au plastiki. Mfereji mmoja huleta mafuta ya aina nne yaliyoyeyushwa katika ethanoli. Mwingine huleta mRNA katika maji yenye asidi kidogo. Vikikutana, huchanganyika kabla hujapepesa jicho. Mafuta hayakai na maji, hivyo hujikusanya mara moja na kuuzingira ujumbe.

Mbona wasikoroge tu katika chombo kikubwa? Kwa sababu vitone vingetoka vikubwa kwa vidogo, na kazi yake isingetabirika. Viwandani makutano huwa mapana zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Sisi tunapata nini?

Februari 2022, Shirika la Afya Duniani liliitaja Kenya miongoni mwa nchi sita za Afrika za kufunzwa utengenezaji huu. Mwezi uliofuata Moderna ilitangaza kwamba ingejenga kiwanda nchini, lakini Aprili 2024 ikasitisha mpango huo.

Ni hasara, kwani ujuzi huu si wa korona pekee. Kitone cha namna hiyo chaweza kubeba ujumbe mwingine. Kampuni ya BioNTech ilianza kujaribu chanjo ya malaria ya aina hii kwa watu mwaka 2022, na malaria twaijua vyema Taveta. Asiyejua kutengeneza husubiri zamu yake, kama tulivyosubiri mwaka 2021.

Kwa sasa, msomaji, lala ndani ya chandarua, na ukishikwa na homa nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo.