Umbali wa Anga kutoka KIA hadi Dar es Salaam na Muda Halisi wa Safari

Wakazi wengi wa kata zetu husafiri kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya rufaa Muhimbili, usaili wa kazi au mashauri ya mahakamani. Mwenye miadi hana budi kujua muda wa safari nzima, kuanzia mlangoni kwake hadi anakokwenda.

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, yaani KIA, kilifunguliwa mwaka 1971, nacho kipo Wilaya ya Hai, kati ya Moshi na Arusha. Kutoka hapo hadi Kiwanja cha Julius Nyerere, umbali wa anga kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 450. Barabara kutoka Moshi ina takriban kilomita 560, kwa kuwa hupita chini ya milima ya Upare na Usambara, kisha hufika Chalinze kabla ya kugeukia pwani.

Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 huenda takriban kilomita 650 kwa saa ikiwa imetulia angani. Kwa hesabu hiyo, kilomita 450 zingekwisha kwa dakika 42. Hata hivyo, ndege hutembea kwanza ardhini, hupanda taratibu, na hupunguza mwendo kabla ya kutua. Ndiyo sababu tiketi huonyesha muda wa saa moja na robo hivi.

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa Marangu. Atatumia takriban saa 2 kufika KIA, saa 2 za ukaguzi na kusubiri, saa moja na robo angani, kisha saa moja na nusu kuchukua mizigo na kupenya msongamano hadi Muhimbili. Jumla ni karibu saa 7. Akipanda basi Himo, ambako mabasi ya Dar es Salaam hupita, safari nzima huchukua takriban saa 10. Ndege humpunguzia saa 3 tu, maana KIA iko upande wa magharibi, naye anaelekea kusini-mashariki. Mkazi wa Machame, aliye jirani na KIA, hunufaika zaidi.

Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa kitako kwa muda mrefu, saa 3 hizo si haba. Kwa mwenye afya njema, nauli ya basi yaweza kutosha. Vyovyote iwavyo, mwenye miadi ya asubuhi asafiri siku iliyotangulia.

Wananchi wanakumbushwa mambo mawili. Kwanza, saa ya tiketi si saa ya Kiswahili: 07:00 ni saa 1:00 asubuhi, na 13:00 ni saa 7:00 mchana. Pili, wakati wa masika barabara za mlimani huteleza. Aongeze muda anayeshuka kutoka vijiji vya juu, kwani ndege haimngoji aliyechelewa.