Kwa Nini Wanasesere wa Zamani Hunata?

Mtu wa makamo huko Marekani apandapo darini na kulifungua sanduku la utoto wake, mara nyingi hukuta jambo la kumhuzunisha. Askari wa plastiki aliyemwacha akiwa safi na mkavu sasa ana utelezi kama aliyepakwa mafuta. Palipokuwa peupe pamegeuka manjano. Hakuna aliyemgusa kwa miaka arobaini. Ni nini basi kilichomharibu?

Wanasesere hao wana historia yao. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, askari wa kimo cha sentimita 30 hivi, mwenye viungo vinavyopinda. Filamu ya Star Wars ilipotolewa mwaka 1977, kampuni ya Kenner haikuwahi kutengeneza wanasesere wake kabla ya Krismasi. Badala yake iliuza bahasha ya karatasi ngumu yenye hati ya kuahidi wanasesere wanne, ambao waliletwa kwa posta mwaka 1978. Kimo cha wengi wao hakikufika sentimita 10. Watoto waliongoja hivyo hawakusahau, na baadhi yao leo huvinunua vitu hivyo kwa bei kubwa.

Wengi wa wanasesere wa aina hiyo wana sehemu zilizotengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Kwa asili yake plastiki hii ni ngumu, kama ile ya mabomba ya maji. Ili iwe laini, huchanganywa na kilainishi, yaani kimiminiko cha mafuta-mafuta kinachojipenyeza kati ya molekuli zake ndefu na kuziwezesha kuteleza. Kilainishi chaweza kufikia theluthi moja ya uzito wa kitu chote. Hata hivyo, hakikuungana na plastiki kikemikali; kimekaa ndani yake tu, mfano wa maji katika sifongo. Miaka ipitapo, hasa penye joto, hutoka polepole hadi juu na kunasa vumbi. Ndiyo sababu mwanasesere hunata. Kikiisha kutoka, plastiki hukakamaa na kupasuka.

Rangi ya manjano ina sababu nyingine. Joto na mionzi ya urujuanimno itokayo katika jua huing'oa klorini pamoja na hidrojeni kutoka katika molekuli za PVC, zikawa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo nayo huharakisha uharibifu. Minyororo inayosalia hufyonza mwanga wa buluu. Jicho huona manjano.

Jambo hili si la wakusanyaji peke yao. Apendaye kuukumbuka utoto wake hutamani pia kumrithisha mjukuu. Vilainishi vilivyotumika sana zamani ni vya jamii ya thaleti, na baadhi yake huvuruga kazi za homoni mwilini. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku baadhi ya vilainishi hivyo kwa muda mwaka 1999, kisha kwa kudumu mwaka 2005; Marekani ilifuata mwaka 2008. Tena, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta madini ya risasi na kadmi katika vitu vya kuchezea vilivyokwisha kutumika, hasa vya rangi ya manjano, nyekundu na nyeusi.

Kwa hiyo mwanasesere wa zamani na awekwe mahali pa baridi, pakavu na pa giza, asigusane na plastiki nyingine, kwani kilainishi huhamia humo. Atazamwe, asimuliwe, lakini asipewe mtoto ambaye bado hutia vitu kinywani. Mzazi wa Afrika Mashariki anunuaye vitu vya kuchezea sokoni penye mitumba hana budi kukumbuka hayo pia: kitu kinachonata au kunuka mafuta hakifai kuwa zawadi ya mtoto mchanga, hata kikiwa kizuri namna gani.